Nani Anatoboa Karatasi za Hatta?

Jua limeshapanda juu ya mabohari ya Dubai Investments Park, na Redempta Kokushubira amesimama mbele ya jiko dogo la umeme akikoroga sufuria. Ndani mna maji na wanga wa ngano. Anakoroga kwa mwiko, taratibu, kama mtu anayempikia mgonjwa uji. Macho yake hayatoki kwenye sufuria ila mara mojamoja, yanapopanda kwenye pembe ya dari.

Kwenye pembe hiyo kuna kamera.

"Haitazami mlango," anasema bila kuinua sauti. "Mwizi angepita mlangoni. Hii inatazama mikono yangu."

Uji ukishaiva, anauchuja kwa kitambaa na kuufunika. Hiyo ndiyo gundi yake. Juu ya meza yake ndefu kuna brashi za manyoya, ubao laini, na karatasi nyeupe yenye wekundu wa mbali kama maziwa yaliyochemka. Ni karatasi iliyotengenezwa kwa mkono huko Japani, iitwayo washi. Katika kiwanda hiki kidogo hutengenezwa vivuli vya taa na viambaza vya kugawa vyumba, kwa ajili ya migahawa, mahoteli na majumba ya watu wenye nafasi. Kikitoboka kiambaza chochote, anayeitwa kukitengeneza ni Redempta.

Nje, Ibra Makokha anafunga fremu za mbao kwenye pikapu. Yeye ni dereva na seremala wa kiwanda, Mkenya wa Mumias. Kwa karibu miaka minne wawili hao wamekula chakula cha mchana kwenye meza moja. Siku hizi Redempta anakula ndani na Ibra anakula kwenye pikapu, mlango ukiwa wazi.

Hawajagombana. "Tungegombana ingekuwa afadhali," anasema Redempta.

Redempta, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alizaliwa Muleba, mkoani Kagera. Alikuja Dubai kwa ahadi ya kazi ya mapokezi hotelini. Wakala aliyemleta alimwonyesha picha ya hoteli yenyewe, na picha ya sare. Uwanja wa ndege alipokewa na dereva aliyempeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya familia yenye watoto saba, akakabidhiwa ufagio.

"Nilimuuliza madam wa pale, hoteli iko wapi? Akacheka. Alidhani ninatania."

Alitumikia mkataba wake mpaka ukaisha. Tangu hapo, anasema, hakuna neno jema aliloambiwa ambalo hakuligeuza upande wa pili kwanza kuona kuna nini. Aliyeumwa na nyoka, akiguswa na jani hushtuka.

Hivyo alipoajiriwa kufanya usafi katika kiwanda cha Madam Ashwaq, kisha fundi wa Kijapani aliyekuwa akifundisha hapo, Bi Hisae, akamwita siku moja na kumwambia aache ufagio ashike brashi, Redempta hakufurahi. Alishuku.

"Nilijiuliza, huyu mama ananitakia nini? Mbona hanidai kitu? Nilikaa wiki nzima nikisubiri aniambie bei."

Bei haikutajwa. Bi Hisae alikuwa ameona tu kwamba mfagiaji huyo ndiye pekee aliyeweza kuhamisha karatasi nyembamba kutoka meza moja hadi nyingine bila kuikunja. Alimfundisha kwa misimu miwili, kwa Kiingereza cha kuokoteza na ishara za mikono, kisha akarudi kwao.

Karatasi hiyo haitokani na mbao zilizosagwa. Inatoka kwenye gome la ndani la mti wa ukoo wa mforosadi. Gome huchemshwa, huoshwa, hupondwa, na nyuzi zake huelea majini pamoja na ute wa mzizi wa mmea wa jamii ya bamia. Ute huo ndio unaozuia nyuzi zisizame upesi, ili fundi apate kuzitandaza sawasawa kwenye chekeche ya mianzi.

"Ni mlenda," anasema Redempta. "Mtu aliyekula mlenda haelezwi mara mbili."

Anapotaka kiraka, hatumii mkasi. Anachora mstari kwa brashi yenye maji, anangoja kidogo, kisha anaivuta karatasi kwa vidole. Ukingo unabaki na malaika, vile vinyweleo laini, kama shavu la mtoto. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoshika gundi, na kiraka kikikauka huoni kilipoanzia wala kilipoishia. Kwa wateja wanaopenda, hukata kiraka cha umbo la ua, kama wanavyofanya wenyewe huko Japani, ili tundu ligeuke pambo.

Mshahara wake ni dirhamu 1,900 kwa mwezi. Kila anapotoka kwenda kutengeneza kitu nje ya kiwanda, yeye na Ibra huongezewa dirhamu 150 kila mmoja. Nyongeza hiyo ndiyo iliyozaa balaa.

Mwezi wa Januari, kiwanda kilipata kazi Hatta, kule milimani karibu na mpaka wa Oman. Mtu mmoja aitwaye Muhanna alikuwa amefungua nyumba ya wageni yenye vyumba vichache vinavyotazama bwawa. Alitaka kila dirisha liwe na kiambaza cha karatasi kwa ndani, ili jua kali la Hatta liingie likiwa limepoa. Ibra alitengeneza fremu, Redempta akapachika karatasi. Walipomaliza, Muhanna alipita chumba hadi chumba akigusa mbao kwa ncha ya kidole na kusema mashallah.

Mama yake, Bi Kuruthum, hakusema mashallah. Ni bibi wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake, nyumba yake iko Al Twar, lakini miezi ya baridi huhamia Hatta kwa mwanawe. Alisimama mbele ya kiambaza akakikazia macho.

"Karatasi dirishani," alisema. "Na ikichanika?"

"Haichaniki kirahisi, bibi," Redempta alimjibu. "Nyuzi zake ni ndefu. Na ikichanika, tutakuja kuiziba."

"Mtakuja. Kwa bure?"

Redempta alianza kukusanya brashi zake.

Machi ilipoingia, simu ikapigwa. Karatasi za vyumba viwili zilikuwa na matundu. Redempta na Ibra walikwenda Hatta, wakaziba, wakarudi. Haikupita siku nyingi simu ikapigwa tena. Safari hii vyumba vilikuwa vitatu, na matundu yalikuwa ya ajabu: karatasi ilikwanguliwa kwanza ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, halafu ikatoboka katikati. Si kazi ya mtoto aliyegonga kwa mpira. Ilikuwa kama mtu alikaa chini akaparuza kwa ukucha.

Wageni waliulizwa, wakakana. Muhanna alimfukuza paka wa jirani, paka asiye na hatia wala habari. Matundu yakaendelea.

Bi Kuruthum ndiye aliyelisema la kwanza, na alilisema waziwazi, Redempta akiwa amepiga magoti mbele ya dirisha na brashi mkononi.

"Kwetu tulikuwa na mganga," alimwambia mwanawe, kana kwamba fundi hayupo. "Kila akitibu mtaa huu, maradhi yanahamia mtaa wa pili. Watu wakaja kugundua yeye ndiye anayeroga. Mchawi na mganga lao moja, Muhanna."

Redempta aliendelea kupaka gundi. Kiraka kile kilikauka na mkunjo. Alijua mkunjo ule nao ungehesabiwa kuwa ushahidi.

Lakini neno la bibi lilikuwa limeingia pia upande mwingine. Kama si yeye anayetoboa, basi nani? Alianza kumtazama Ibra. Ibra ambaye kila wakifika Hatta hutoweka kidogo, akisema anakwenda kununua maji. Ibra ambaye hutembea na kisu kidogo cha useremala mfukoni. Ibra ambaye mwezi ule alisikika akimwambia mtu kwenye simu kwamba safari za Hatta zimemwokoa, ameweza kumalizia bati za nyumba ya mama yake.

"Nikaanza kuweka mambo pamoja," anasema. "Na ukishaanza, kila kitu kinaingia mahali pake. Akicheka, nasema anacheka nini? Akinyamaza, nasema anaficha nini?"

Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kutazama mikono ya Ibra.

Mwezi wa Aprili Madam Ashwaq aliwaita ofisini, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na simu ya mezani mbele yake na hakuwakaribisha kukaa. Muhanna alikuwa amemwambia kwamba anataka arudishiwe gharama zake na karatasi zote zing'olewe.

"Redempta," alisema, "nani anafaidika na matundu haya?"

"Sijui, madam."

"Mimi najua. Mnafaidika ninyi wawili. Sasa niambie, ni wewe au ni Ibra?"

Redempta anasema jina la Ibra lilifika kwenye ulimi wake. Alilimeza. "Sijui, madam," akarudia.

Madam Ashwaq aliisogeza simu kando. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ibra yeye anajua. Anasema ni wewe."

Siku ileile kamera ilifungwa. Redempta aliambiwa hatatoka tena kwenda kazi za nje, na kwamba tundu lingine likionekana Hatta, khalas, viza yake itafutwa. Ibra aliendelea na pikapu.

Mtu mwingine angelia, au angenyamaza akangoja mwisho wake. Redempta alikaa na jambo hilo usiku kucha, kisha asubuhi akafanya kitu ambacho Madam Ashwaq mwenyewe anakiri hakukitarajia. Alimwomba namba ya Muhanna, akampigia.

"Nilimwambia, sir, niruhusu nikae kwenye chumba kimoja kutwa nzima. Nitakaa kwenye kiti, mikono yangu hapa mapajani. Weka mtu wa kunilinda. Tundu likitokea, tutaona limetokaje."

Muhanna alisita. Akasema atakubali kwa sharti moja, kwamba mlinzi awe mama yake.

Basi Ibra akampeleka. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kutoka kiwandani hadi Hatta, na njia nzima, kwa mujibu wa Redempta, kilichozungumza ni redio. Alipofika aliingia chumba cha mwisho, akavuta kiti. Bi Kuruthum alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha pili, na tasbihi mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa pale. Mikono niione."

Wageni walikuwa wameshaondoka kwenda kupanda mashua bwawani. Mfanyakazi wa usafi aliingia, akafungua madirisha nyuma ya viambaza kuruhusu upepo, akatoka. Chumba kikawa kimya. Bi Kuruthum alihesabu tasbihi bila kumwondolea macho fundi. Redempta alitazama karatasi. Jua liliigonga kwa nyuma, na nyuzi zake zikaonekana zimelala huku na huku.

Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha ikasikika sauti.

Ilikuwa ndogo sana, ya kukwaruza, inakuja na kukatika. Bi Kuruthum alitazama mikono ya Redempta. Ilikuwa mapajani. Akatazama vidole vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa vimeacha kuhesabu.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Si mimi, bibi."

"Nyamaza, basi."

Bibi ndiye aliyekiona. Nyuma ya karatasi, upande wa dirisha, kulikuwa na kivuli chenye kiuno chembamba, kinatembea kinyumenyume na kuparuza. Alinyanyuka kwa shida, akasogea, akachungulia pembeni ya fremu.

"Hebu njoo utizame," alisema kwa kunong'ona. "Nyigu."

Alikuwa nyigu wa njano, miguu yake ikining'inia, akikwangua karatasi kwa meno na kuiviringisha kidonge. Alipokipata kiasi chake akaruka. Muda si muda akaja mwingine, akatua palepale.

Muhanna aliitwa. Wakazunguka nyuma ya nyumba wote wanne, Ibra naye akiwa ameshuka kwenye pikapu kuona kulikoni. Chini ya paa la stoo walikuta kiota kikubwa kama sahani, kimeshikwa kwa kikonyo kimoja. Nyigu hawa hutafuna mbao kuukuu na kuzichanganya na mate, wakajenga nyumba ya karatasi. Sehemu ya katikati ya kiota ilikuwa ya kijivu, rangi ya mbao. Kuanzia hapo kwenda ukingoni ilikuwa nyeupe.

Ibra alivua kofia akajikuna kichwa.

"Sasa hawa ndio walikuwa wanatuharibia jina," alisema hatimaye. "Nyigu. Aki ya Mungu."

Muhanna alimwomba Redempta radhi palepale, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Lakini Redempta hakuwa amemaliza. Kulikuwa na tundu moja, katika chumba cha kwanza, ambalo halikufanana na mengine. Halikukwanguliwa. Lilikuwa la duara, chini, usawa wa mtu aliyekaa kitandani. Alikuwa amelifikiria tundu hilo kwa majuma mengi, na hakutaka kuondoka akiliacha nyuma yake.

"Bado moja, sir," alisema. "Lile la chumba cha kwanza si la nyigu."

Wote wakatazamana. Macho ya Muhanna yalimrudia Redempta kwa shaka ileile ya asubuhi.

Bi Kuruthum alikohoa.

"Hilo langu," alisema.

"Lako vipi, mama?"

"Si mlisema haichaniki? Nikaona nijaribu." Aliinua kidole cha shahada, kikavu, kimejaa pete. "Ilishindana nami, si uongo. Nilisukuma mpaka kidole kikaniuma."

Muhanna alifunika uso kwa kiganja. Bibi hakuona haya. Alimgeukia Redempta na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu. "Mwanangu, lizibe. Na uniwekee ua, nipajue pangu."

Kesho yake madirisha yote ya nyumba ile yalipimwa ili yafungwe wavu, na stoo ikafukizwa moshi. Redempta alirudishiwa kazi za nje. Madam Ashwaq alimwita ofisini, akamkaribisha kukaa, akamwambia amekosea. Kamera haikuondolewa. Alipoulizwa na mwandishi kwa nini, Madam Ashwaq alijibu kwamba imeshalipiwa na kwamba watu wa bima wanaipenda.

Redempta anayo maoni yake kuhusu jibu hilo, na ameomba yasiandikwe.

Lililobaki ni la Ibra. Siku ile ya nyigu walirudi pamoja kwa pikapu. Ibra alizima redio.

"Madam aliniuliza nani anagain na hizo holes," alisema. "Nikapiga hesabu. Mimi nikijua si mimi, anabaki nani? Nikasema wewe. Sikudanganya, Sista. Nilikuwa nimeamini hivyo kabisa."

"Mimi pia nilikushuku," Redempta alimwambia. "Tofauti ni kwamba sikulitamka jina lako."

"Hukusema. Lakini mwezi mzima uliangalia mikono yangu. Ulidhani sioni?"

Redempta anakiri kwamba ni kweli. Alikuwa ameichukia kamera iliyomtazama mikono, kumbe mwenzake alikuwa ameishi na kamera ya aina hiyo kabla yake, na ilikuwa imekaa kwenye kiti cha pembeni ndani ya pikapu. Na maji aliyokuwa akienda kununua? Ibra alikuwa akienda msikiti wa karibu kuswali adhuhuri. Hakusema kwa kuwa aliogopa muda huo ungekatwa kwenye malipo yake.

Urafiki wao haujarudi ulivyokuwa, na Redempta hadai kwamba umerudi. "Ninamwamini barabarani," anasema. "Akishika usukani ninaweza kulala. Mezani bado."

Hata hivyo mwezi wa nane anakwenda likizo Muleba, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Dada yake ana shamba lenye miforosadi iliyopandwa zamani kwa ajili ya matunda ya watoto, na Redempta anataka kuvua magome yake, ayachemshe, ayaponde, aone kama yatatoa hata ukurasa mmoja. Bi Hisae amemwandikia namna ya kuanza. Wahaya, anakumbusha, walivaa nguo za magome ya miti kabla pamba haijafika, kwa hiyo nyundo za kupondea zipo bado kwa wazee. Ikifanikiwa, ana ndoto ya kufungua kiwanda kidogo huko baada ya mkataba wake kuisha, na kuwaajiri wanawake wa kijijini kwao.

Lakini ili apewe ruhusa, lazima pawe na mtu wa kushika brashi zake. Madam Ashwaq alimwambia achague mwenyewe. Kuna kijana mpya aliyeletwa, mwenye mikono mizuri na ambaye hajawahi kumkosea mtu.

Redempta alimchagua Ibra.

"Yule kijana simjui," anaeleza. "Siwezi kujua atasema nini akiulizwa. Ibra ameshaulizwa. Ninajua alichosema na kwa nini alisema, na yeye anajua yangu. Basi tuanzie hapo."

Saa za mchana, fremu za wavu za Hatta zikiwa zimeshapakiwa, Ibra anaingia ndani, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko na kusimama mezani chini ya kamera. Redempta anamsogezea karatasi. Ibra anachora mstari wa maji, anavuta, anapaka gundi, anabandika. Kiraka kinakauka na mkunjo.

Redempta anakilowesha, anakibandua, anaweka karatasi nyingine mbele yake.

"Nikirudi," anasema, "nitakagua kila kiraka."

"Kagua," anasema Ibra, na anachovya brashi.